Simu naipeleka Guangzhou: nani ataona yaliyomo Google?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina duka la vitenge na vyombo hapa Mwanga, Kigoma. Mwezi ujao nakwenda Guangzhou, China, kwa wiki tatu kufuata mzigo, safari yangu ya kwanza nje ukiacha Bujumbura na Kalemie, na njiani nitalala Dubai siku tatu. Kila kitu changu kiko Google: picha za watoto, daftari la madeni, picha za vitambulisho vya NIDA vya wanaonikopa, risiti, hata pasipoti. Wenzangu wananiambia China wanasoma kila kitu, nifute vyote kabla sijaondoka. Wengine wanasema nisibebe simu kabisa. Nikiipoteza huko itakuwaje? Na mdogo wangu atakayebaki dukani, nimwachie neno langu la siri?

Jibu: Marahaba, dada. Nitaanza na jambo ambalo hukuuliza. Kwa muda wote niliotengeneza simu na kompyuta za watu hapa mjini, limewaumiza wasafiri wengi kuliko askari yeyote wa mpakani. Hiyo akaunti yako ya Google, nani alikufungulia?

Wengi nikiwauliza hivyo hunyamaza kidogo, halafu hujibu, "Kijana aliyeniuzia simu." Nami najua kilichofuata bila kusimuliwa. Ulikuwa na haraka, simu ilidai akaunti ndipo iwake vizuri, kijana akaandika jina lako, akachagua neno la siri, mara nyingi ni jina lako likifuatiwa na 123 au namba yako ya simu. Google ilipoomba namba ya kurejeshea akaunti, laini yako ilikuwa bado haijawekwa, basi akaandika yake. Hakukuibia. Alikufanyia wema na akaendelea na mteja mwingine. Lakini tangu siku ile mlango wa nyumba yako una funguo mbili, na mmoja uko mfukoni kwa mtu ambaye pengine leo yuko Kahama. Au ameacha kuitumia laini ile, ikafungwa, namba yake ikauzwa upya, na ufunguo wako sasa unao mtu usiyemjua wala yeye hajui kwamba anao.

Kwa hiyo leo jioni, kabla ya kuiwaza China, ingia kwenye mipangilio ya akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama. Angalia namba ya kurejeshea akaunti ni ya nani, na barua pepe ya kurejeshea ni ya nani. Angalia orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti. Ukikuta simu uliyoiuza mwaka juzi au kompyuta usiyoitambua, iondoe hapo hapo. Kisha badilisha neno la siri. Usitumie jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa. Chukua maneno manne au matano yasiyo na undugu: la samaki, la mtaa, la chombo cha jikoni, la kitu ulichokiona njiani ukienda sokoni. Maneno marefu ya namna hiyo ni rahisi kwako kuyakumbuka na ni magumu kwa mtu au mashine kuyabahatisha.

Halafu kuna steshenari. Umesema pasipoti yako iko Google. Nina hakika iko pia kwenye kompyuta ya mahali ulipotoa nakala kwa ajili ya viza. Tunatuma pasipoti kwa WhatsApp kwa kijana wa steshenari, au tunaifungua WhatsApp yetu kwenye kompyuta yake ili achapishe, tunalipa, tunaondoka, na WhatsApp inabaki wazi pale siku nzima. Anayekaa kwenye kile kiti baadaye anaweza kusoma mazungumzo yako na wewe uko nyumbani unapika. Fungua WhatsApp, tafuta sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, ondoa vyote usivyovijua. Ukiwa hapo, weka namba ya siri ya tarakimu sita ya uthibitisho wa hatua mbili, ili hata mtu akipata laini yako asiweze kuifungua WhatsApp yako kwenye simu yake kirahisi. Na siku nyingine ukienda kuchapisha pasipoti, nenda na flashi, na usimame pale mpaka faili lifutwe.

Sasa China.

Watu wanaposema "wingu" au "hifadhi ya mtandaoni" wengi hudhani ni kitu kinachomfuata mtu, kwamba ukitua Guangzhou na picha zako zimetua nawe. Sivyo. Picha unayompiga mwanao Kibirizi asubuhi hupita kwenye Mkongo wa Taifa, yaani nyaya kuu za mawasiliano za nchi, mpaka Dar es Salaam, ikaingia kwenye nyaya zilizolala chini ya bahari, kama SEACOM iliyoanza kufanya kazi mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010, ikaenda kutua kwenye majengo ya kompyuta ya Google yaliyo Marekani, Ireland, Uholanzi, Finland, Singapore na kwingineko. Yaani taarifa zako zilisafiri nje zamani sana, wewe ukiwa bado umekaa dukani. Kupanda kwako ndege hakuzisogezi hata hatua moja.

Ufunguo wa majengo hayo anao nani? Anao Google mwenyewe. Taarifa zako zimefungwa kwa usimbaji, yaani zimegeuzwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo, zikiwa njiani na zikiwa ghalani, kwenye majengo hayo, lakini kwa sehemu kubwa kampuni ndiyo yenye ufunguo, kwa hiyo mahakama ya Marekani ikiiamuru inaweza kufungua. Mwaka 2018 Marekani ilipitisha sheria iitwayo CLOUD Act, inayosema kampuni yao ikipewa amri halali itatoa taarifa ilizonazo hata kama zimehifadhiwa nchi nyingine. Hilo linakuhusu ukiwa Mwanga sawasawa na ukiwa Guangzhou. Kwa akaunti uliyonayo, sheria ya nchi ya kampuni ina uzito kuliko sheria ya nchi unayopita.

Polisi wa China je? Google iliondoa huduma yake ya utafutaji China bara mwaka 2010, na leo huduma zake zimezuiwa kule. Hakuna kaunta Guangzhou ambapo askari anaweza kwenda kuomba daftari lako la madeni. Njia aliyobaki nayo ni moja, nayo ni simu yako ikiwa imefunguliwa, mkononi mwako, na Google ikiwa imeshaingia humo. Simu ndiyo mlango. Ndiyo maana ushauri wangu wote unahusu simu unayobeba, na kwa kilichoko ghalani hutakiwi kufuta hata picha moja.

Sikwambii uogope kupita kiasi, wala siwezi kukudanganya kwamba hakuna kitu. Tangu tarehe 1 Julai 2024, China ina kanuni zinazowaruhusu maofisa wa usalama wa taifa kukagua vifaa vya kielektroniki katika kazi zao, na kukiwa na dharura wanaweza kufanya hivyo kwa utaratibu mfupi. Mfanyabiashara wa vitenge siye wanayemtafuta. Jambo lililo karibu zaidi na wewe ni ukaguzi wa pasipoti na viza katika mitaa ambako Waafrika hukusanyika kufanya biashara, kama Xiaobei na Sanyuanli. Tembea na pasipoti yenyewe, si picha yake kwenye simu, ili usilazimike kufungua simu mbele ya askari kwa sababu tu unatafuta picha ya pasipoti.

Nchi hazifanani katika hili, na inafaa ujue kwa safari zijazo. Marekani ina mwongozo wa Januari 2018 wa mamlaka yake ya forodha na mipaka, unaosema ofisa anaweza kupekua kilichomo ndani ya simu, lakini asiitumie simu kufungua kilichoko mtandaoni tu. Simu huwekwa kwanza kwenye hali ya ndege. Ona hapo wanapochora mstari: ni pale pale, kati ya simu na ghala. Mwaka wao wa fedha wa 2024 walipekua vifaa karibu 47,000, kati ya wasafiri zaidi ya milioni 400. New Zealand, kwa sheria yake ya forodha ya 2018, anayekataa kufungua simu anaweza kutozwa faini ya mpaka dola 5,000 za kwao. Uingereza, kwa Jedwali la 7 la sheria yake ya ugaidi ya mwaka 2000, kukataa kutoa neno la siri unapohojiwa mpakani ni kosa la jinai, na mwaka 2017 mkurugenzi wa shirika moja la utetezi, Muhammad Rabbani, alitiwa hatiani kwa hilo. Raia hugoma akabaki kwao. Mgeni akigoma anaweza kurudishwa na ndege inayofuata. Wewe umeuza mzigo ili upate nauli, na mimi siwezi kukushauri ugome. Nakushauri usiwe na kitu kikubwa cha kupekuliwa.

Tunafanyaje? Kama unaweza kupata simu ya pili ya bei nafuu, ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. Ifungulie akaunti mpya ya Google ya safari tu, na uifungue kwa mkono wako mwenyewe. Humo weka tiketi, viza, anwani ya hoteli, namba za wauzaji, picha za sampuli unazotaka kununua, namba za nyumbani. Basi. Simu yako ya siku zote, yenye akaunti kubwa, ibaki Kigoma imezimwa, kwa mtu unayemwamini. Ukikaguliwa, fungua bila wasiwasi, kwa sababu anayeipekua ataona mwanamke aliyekuja kununua vitenge, na huo ndio ukweli wenyewe.

Kama huna uwezo wa simu ya pili, beba hiyo hiyo, lakini iandae. Hapa nisikilize kwa makini kwa sababu watu wamepoteza picha za miaka hapa. Ukiingia kwenye programu ya Picha za Google ukafuta picha moja moja ukidhani unaitoa kwenye simu tu, umeifuta na kule ghalani. Itakaa kwenye pipa la taka siku 60, kisha itakwenda moja kwa moja. Kuna mama alifuta picha zote za harusi ya binti yake kwa namna hiyo siku moja kabla ya safari, akaja kwangu mwezi wa tatu baada ya kurudi. Sikuwa na la kumfanyia. Njia sahihi ni ile kazi iliyo ndani ya programu hiyo hiyo ya kuachia nafasi kwenye kifaa: huondoa nakala za kwenye simu ambazo tayari zimehifadhiwa mtandaoni, na ghala haliguswi.

Ila hakikisha kwanza kwamba kweli zimehifadhiwa. Google hutoa nafasi ya bure ya GB 15, na tangu tarehe 1 Juni 2021 picha zote mpya huhesabiwa humo pamoja na barua pepe na mafaili. Kwa mtu mwenye watoto na duka, GB 15 hujaa, na ikijaa uhifadhi husimama kimya kimya. Unaweza kudhani picha zako ziko salama Google kumbe za mwisho kupanda ni za Krismasi ya mwaka juzi. Fungua uangalie. Kama imejaa, hamishia picha kwenye diski ya nje au kwenye kompyuta unayoiamini kabla ya kugusa chochote.

Ukishaachia nafasi, siku moja kabla ya kuondoka nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya akaunti, uiondoe akaunti kubwa kwenye simu hiyo. Huifuti akaunti, unaitoa tu kwenye kifaa; utairudisha ukifika nyumbani. Jua kwamba namba za watu zilizohifadhiwa Google nazo zitatoweka kwenye simu, kwa hiyo ziandike kwenye karatasi zile kumi au kumi na tano utakazohitaji. Karatasi haihitaji chaji.

Mazungumzo ya WhatsApp yenyewe yamefungwa kati yako na unayezungumza naye tangu mwaka 2016. Lakini nakala yake inayopanda Google kila usiku haifungwi kwa namna hiyo mpaka wewe uiwashe. Kampuni iliweka uwezo huo Oktoba 2021: ingia kwenye sehemu ya nakala za mazungumzo, washa usimbaji, uchague neno la siri au ufunguo wa tarakimu 64. Ukichagua neno la siri usilisahau, maana WhatsApp haiwezi kukurudishia. Kama utaiweka WhatsApp yako kwenye simu ya safari, itakapouliza kama irudishe mazungumzo ya zamani, kataa. Anza na ukurasa mweupe, na ukirudi Mwanga rudisha yote kwenye simu kubwa.

Sasa kitu ambacho wenzako hawajakwambia kuhusu China, nacho kitakusumbua kuliko upekuzi. Gmail, hifadhi ya Google, Picha za Google, WhatsApp, Facebook, Instagram, zote hizo hazifunguki kwenye waifai ya hoteli kule. Utakaa kitandani Guangzhou unataka kuangalia nani amelipa deni, na ukurasa hautafunguka. Ukinunua laini ya China, watachukua pasipoti na picha ya uso wako, na kizuizi ni kile kile. Lakini laini ya Tanzania ikiwa kwenye huduma ya kimataifa, mawasiliano yake ya intaneti kwa kawaida hurudi kupitia mtandao wa nyumbani kabla ya kwenda yanakokwenda, kwa hiyo mara nyingi Google na WhatsApp hufunguka. Ni ghali. Nenda duka la mtandao wako hapa hapa Kigoma kabla hujaondoka, wakuwashie huduma hiyo na wakuambie bando zake. Kisha zima uhifadhi wa picha wa moja kwa moja, la sivyo bando lote litaliwa na video za kontena usiku mmoja. Unajua tayari jinsi simu inavyoweza kukamata mtandao wa Burundi ukiwa Manyovu na salio likakatwa bila kupiga hata simu moja. Hiyo ni huduma ile ile, ila huko China ni kwa wiki tatu.

Kuhusu VPN, yaani programu zinazopitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta ya mtu mwingine ili kukwepa kizuizi, ambazo kila mtu atakushauri: China inaruhusu tu zile zilizoidhinishwa na serikali yake. Dubai, sheria ya makosa ya mtandao ya Falme za Kiarabu, namba 34 ya mwaka 2021, inamtoza anayetumia VPN kufanyia kosa au kuficha kosa faini ya kuanzia dirhamu 500,000 mpaka milioni 2. Nasi hapa nyumbani, Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliwataka wanaotumia VPN watoe taarifa zao kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Na zile za bure ni jambo baya lenyewe kwa lenyewe, kwa sababu mwenye VPN ndiye anayeona unakwenda wapi mtandaoni, nawe humjui. Kwa safari ya wiki tatu ya biashara, lipa huduma ya kimataifa ya laini yako. Sioni sababu ya wewe kuingia kwenye mgogoro wa sheria za nchi ya watu ili tu ufungue WhatsApp.

Hapo Dubai simu za WhatsApp za sauti na video kwa kawaida hazipiti, ujumbe wa maandishi na wa sauti uliorekodiwa unapita. Waambie nyumbani mapema wasipate hofu. Sheria ile ile ya 2021 inakataza kumpiga mtu picha au kuisambaza picha yake bila ridhaa yake, kwa hiyo ukiwa sokoni piga picha vitambaa, si wauzaji.

WeChat. Hii ni programu ya ujumbe ya Wachina, kama WhatsApp kwetu. Wauzaji wa Guangzhou watataka muwasiliane kwa WeChat, na utalazimika kuiweka. Hapa ndipo sheria ya China inakufikia kweli kweli, kwa sababu kampuni yenye WeChat, Tencent, ni ya kule, na ujumbe wake haujafungwa kati ya wawili kama wa WhatsApp. Kampuni inaweza kuuona. Watafiti wa Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto walionyesha mwaka 2020 kwamba picha na mafaili yanayotumwa hata kati ya akaunti zilizofunguliwa nje ya China huchambuliwa. Usiiogope, itumie kama unavyotumia kaunta ya dukani: bei, rangi, idadi ya marobota, namba ya kontena. Inapoomba ruhusa ya kuona namba zako zote za simu, kataa. Inapoomba picha, simu za karibuni hukuruhusu kuchagua picha chache tu, chagua hizo. Usiitume pasipoti humo ila kwa wakala wa mzigo anayeihitaji kweli, na usizungumzie humo siasa ya nchi yoyote. Simu yako ikiwa ni iPhone, usikubali kubadilisha nchi ya akaunti yako kuwa China ili upate programu fulani, kwa sababu akaunti za iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya iPhone, za China bara, tangu tarehe 28 Februari 2018, huendeshwa na kampuni ya kule iitwayo GCBD.

Waifai ya hoteli yenyewe haina ubaya mkubwa siku hizi, kurasa nyingi zimefungwa zikiwa njiani. Kompyuta ya hoteli ndiyo mbaya. Usiingie kwenye akaunti yako kwenye kompyuta ya watu wote, hata dakika mbili.

Umeuliza kuhusu kupoteza simu. Miaka michache iliyopita mteja wangu mmoja aliibiwa simu sokoni Guangzhou siku ya tatu ya safari. Alilijua neno lake la siri. Akaazima simu ya mwenzake, akaingia Google ili aifunge ile iliyoibiwa, na Google ikasema: tumetuma namba kwa ujumbe mfupi. Namba hiyo ilitumwa kwenye laini iliyokuwa ndani ya simu iliyoibiwa. Kuirudisha laini kunataka afike mwenyewe dukani Tanzania na kitambulisho na alama ya kidole. Alikaa siku zote zilizobaki bila picha zake, bila orodha ya wauzaji, bila kujua kama mwizi ameifungua. Tulipokutana aliniambia kilichomuuma si simu, bali kulala usiku akiwaza nani anaangalia picha za watoto wake.

Dawa yake ni ya dakika tano. Kwenye sehemu ile ile ya usalama ya Google, chini ya uthibitisho wa hatua mbili, kuna namba za dharura: kumi, kila moja ina tarakimu nane, na kila moja hutumika mara moja tu. Zichapishe nyumbani au ziandike kwa mkono. Ukiwa nazo na neno lako la siri, unaweza kuingia kutoka simu yoyote bila laini, ukaitafuta simu iliyopotea, ukaifunga au ukaifuta yote kwa mbali. Fanya hivyo kwa akaunti zote mbili, kubwa na ya safari. Na simu yenyewe ifunge kwa namba ya tarakimu sita au zaidi, si kwa kuchora mstari unaoacha alama ya kidole kwenye kioo. Unapokaribia uwanja wa ndege au mpaka, izime kabisa badala ya kuifunga kioo tu. Simu iliyozimwa na kuwashwa upya ni ngumu zaidi kuipenya kuliko iliyofunguliwa mara moja tangu asubuhi, na haikubali kidole mpaka namba iandikwe.

Nimeacha kwa makusudi mpaka sasa picha za NIDA za wateja wako, kwa sababu ndizo zinazonisumbua moyo kuliko vyote ulivyotaja. Picha za watoto ni zako. Vitambulisho vile si vyako. Mama aliyekukopa doti mbili za vitenge alikuachia kitambulisho kwa ajili ya deni lile, hakukubali kisafirishwe Dubai na China kwenye mkoba wako. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu, na muuza duka ni mmoja wao, azitumie kwa lengo lililokusudiwa, azilinde, na asikae nazo kuliko zinavyohitajika. Pitia picha zile moja moja. Aliyemaliza kulipa, futa ya kwake leo, na ifute na kwenye pipa la taka. Ambaye bado anadaiwa, andika jina na namba ya kitambulisho kwenye daftari la karatasi linalofungwa kabatini, kisha futa picha. Kwa deni la vyombo namba inatosha. Picha ya kitambulisho ikiangukia mikono mibaya hutumika kujaribu kukopea fedha kwa jina la mwenyewe, na atakayebishiwa hodi ni yule mama, wewe ukiwa Guangzhou.

Mwisho, mdogo wako. Usimpe neno lako la siri. Si kwa kutomwamini; ni kwa sababu neno la siri linafungua vyote, picha, barua, pasipoti, na yeye anahitaji daftari la madeni tu. Mfungulie akaunti yake, kaeni pamoja aiandikie neno lake mwenyewe, kisha kwenye lile daftari la Google bonyeza sehemu ya kushiriki, weka barua pepe yake, mpe haki ya kuandika. Ataona daftari hilo moja, na kila atakachobadilisha kitabaki kwenye historia ya faili. Ukirudi unaweza kuiondoa haki hiyo, au umwachie kama amekufanyia kazi nzuri. Mwambie aifunge simu yake kwa namba, kwa sababu kuanzia siku hiyo nayo ni mlango wa madeni ya watu.

Zile namba kumi za dharura za akaunti kubwa zigawe. Tano za kwanza ziandike kwenye karatasi ndogo ukae nayo mwilini, pale unapoweka fedha, mbali na simu. Tano nyingine zitie kwenye bahasha, mpelekee mama Ujiji aiweke kwenye sanduku lenye hati za kiwanja. Peke yake hataweza kufungua chochote nazo, kwa kuwa neno la siri unalo wewe kichwani. Lakini ukikosa vyote huko, simu na karatasi, utaazima simu ya mtu, utampigia, atafungua bahasha, na atakusomea tarakimu nane polepole.